Gitaa la Kilo Mbili

Erastus Rading' hakuwa mtu wa kuonea wivu gari la mtu, wala nyumba, wala mke. Jirani yake wa ukuta mmoja pale Magongo alipojenga ghorofa, Erastus alikwenda kumsaidia kupachika milango, tena kwa moyo mkunjufu, akanywa chai na kusifu vigae. Wivu wake wote ulikuwa mahali pamoja, kwenye magitaa. Hapo alikuwa na wivu wa kuutosha ukoo mzima na wa kubakisha.

Alikuja Changamwe, hapa Mombasa, kutoka Seme kule Ziwani, akiwa kijana, akaajiriwa kwenye karakana ya makabati na majeneza. Siku moja mtu akaleta gitaa lililopasuka tumbo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, akapewa yeye. Alipolifungua alitie gundi, akakuta ndani vijiti vyembamba vimepangwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona katika kabati lolote. Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Tangu hapo makabati yakawa ya kumlisha, na magitaa yakawa ya kumsumbua akili.

Hakuna aliyemfundisha. La kwanza lililia kama debe, la pili likajikunja shingo, la tatu akampa mkewe Rispa alitumie kuwashia jiko, naye Rispa akakataa kwa kuwa vanishi ile ilinuka. Lakini mtu mkaidi hufika anakotaka. Miaka ikaenda, akawa anatengeneza gitaa ambalo ukiligusa tu linaitikia. Ubao wa uso aliutoa kwenye makreti ya mashine zinazoshushwa bandarini. Mle hutokea msonobari wa nchi za baridi, mkavu, wenye mistari iliyonyooka, ambao watu wa bohari huwagawia akina mama wapishi kama kuni. Mgongo ulikuwa mkangazi, shingo mvule. Gitaa moja lilimchukua mwaka, na akiwa na majeneza mengi, zaidi ya mwaka.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo si ndogo kwa mtu wa kazi ile: hakujua kupiga. Alijaribu, masikini. Vidole vyake vilikuwa vizito na mdundo ulimpita kama basi lisilosimama. Angeweza kukwambia waya huu umezidi kwa unywele, lakini mpe wimbo wa kitoto aupige, mbwa wa mtaa wangeondoka. Kwa hiyo alihitaji mikono ya mtu mwingine, na mikono yenyewe ilikuwa ya Maxwell.

Maxwell alikuwa dereva wa mashine za kunyanyulia makontena, mtu mpole, mrefu, wa kucheka kwa pua. Jumapili alipiga gitaa katika Kanisa la Maji Tulivu, jengo la mabati nyuma ya barabara ya Magongo, ambalo waumini wake wengi walikuwa watu wa Ziwa waliohamia Pwani kutafuta kazi. Erastus alimpa gitaa lake bora kuliko yote, lile la mkangazi mwekundu, alipige kanisani siku zote. Yeye mwenyewe alikaa benchi la tatu upande wa kushoto, akafumba macho, na midomo yake ikawa inatembea kana kwamba ndiye anayeimba. Ibada ikiisha wageni walikuja kuuliza gitaa lile lilinunuliwa wapi. Wakijibiwa kwamba ni la fundi wa hapa hapa, walimgeukia Erastus wakamshika mkono, naye akatazama chini kama mzazi aliyesifiwa mtoto. Maxwell alisimama pembeni akijifuta jasho.

Hayo yalidumu miaka mingi, na Erastus aliamini yangedumu mpaka azikwe. Kisha akaja Kilo Mbili.

Kilo Mbili ni mwimbaji wa Nairobi, mnene, mwenye tabasamu la kuuzia sabuni, na kweli sabuni aliiuza kabla ya kuanza kuuza magitaa. Kuna kiwanda nchi za mbali hukata magitaa kwa mashine, maelfu kwa maelfu. Wakakubaliana naye, wakayachora sahihi yake kwa rangi ya dhahabu kwenye kichwa, na mle ndani, ukichungulia kwenye tundu la tumbo, unakutana na uso wake anakuchekea. Kwa bei yake, hata kibarua akijinyima anapata moja. Dorothy, binti yake Maxwell anayefanya kazi Nairobi, akamtumia baba yake moja, likafika Magongo kwenye sanduku lenye picha ya Kilo Mbili amelikumbatia gitaa kama mtoto mchanga.

Maxwell hakuwa mtu wa kuficha. Jumamosi hiyo hiyo alilileta karakana ndogo ya Erastus, nyuma ya nyumba, akaliweka juu ya meza.

"Fundi, sauti si mbaya," akasema. "Ila nyuzi ziko juu, vidole vinaniuma. Nishushie kidogo."

Erastus hakuligusa. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kuachwa analijua.

"Na lile lingine?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo nyumbani. Na hii mvua limevimba kidogo, halikai kwenye sauti. Acha lipumzike."

Lilikuwa kweli, na hilo halikusaidia kitu. Ubao wa mti halisi unakunywa unyevu. Mvua za masika zikiingia Mombasa, magitaa ya Erastus yalivimba uso na kutaka kubembelezwa. Kila mwaka Maxwell alilileta likabembelezwa. Mwaka huu, badala ya kulileta, alilipa likizo. Erastus akamwambia aliache hilo gitaa jipya, aje Jumatano.

Maxwell alipoondoka, Erastus alilichukua lile gitaa akalikagua kama askari anayekagua gari la magendo. Alitaka sana kukuta takataka. Aligonga uso kwa kifundo cha kidole: plaiwudi. Akatabasamu. Akaingiza mkono ndani, akapapasa matone ya gundi yaliyoachwa bila kufutwa. Akatabasamu tena. Kile kijipande cha juu ya shingo, chenye mifuo sita ya kupitishia nyuzi, kilikuwa plastiki. Vizuri sana. Lakini alipofumba jicho moja akatazama shingo kwa urefu wake, ilikuwa imenyooka. Vyuma vya shingoni vilikuwa vimelala sawa, sawa kuliko anavyovilaza yeye, maana mashine haina mkono wa kutetemeka. Na plaiwudi ile, kwa kuwa ni gundi zaidi kuliko ubao, mvua haikuifanya chochote. Sauti yake ilikuwa nyembamba, nyepesi, haina tumbo. Lakini ilikuwa sauti, na ilikaa pale pale ilipowekwa.

Halikuwa gitaa baya. Hilo ndilo lililomchoma. Lingekuwa baya angemhurumia Maxwell, wakacheka wote wawili, mambo yakarudi. Sasa ilimbidi ajiulize jambo ambalo hakupata kujiuliza: katika kanisa la mabati, mvua inanyesha juu, watoto wanalia, kipaza sauti kinakwaruza, ni nani hasa anayesikia tofauti ya mwaka mzima wa kazi yake na asubuhi moja ya mashine? Alijijibu kwamba yeye anaisikia. Akaona ni hesabu mbaya, mtu mmoja kwenye kanisa zima.

Jumatatu alikwenda kwa Hashim, muuza nyama, kuomba mfupa. Hashim ni mwenyeji, mtu wa Kisauni kwao, na alikuwa akimwekea mifupa ya mguu wa ng'ombe kwa ajili ya hivyo vijipande vya juu ya shingo. Erastus huichemsha kwa sabuni na kuianika juu ya bati, jambo ambalo Rispa amelilalamikia tangu waoane. Hashim aliuona uso wake kabla hajafika kwenye kaunta.

"Karibu, bwana Erastus. Leo mbona umejikunja hivyo? Kheri?"

Erastus, ambaye hakuwa amemwambia mtu, akajikuta anamwambia muuza nyama. Alimweleza gitaa la Kilo Mbili, lile lake lililopewa likizo, na hii kazi aliyoletewa ya kumtengenezea mwenzake silaha ya kumpigia. Hashim aliweka kisu chini akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wallahi, bwana, huo si wivu wa kazi," akasema. "Huo ni wivu wa uke-wenza. Umeletewa mke mwenza ndani ya nyumba. Na la kukuudhi zaidi, umeambiwa ni wewe umpambe."

Wanunuzi wakacheka, na Erastus akacheka nao, maana ungefanyaje. Lakini njia nzima ya kurudi maneno yale yalikuwa yanamtembelea kichwani. Kumpamba. Alisema moyoni kwamba atampamba kweli.

Tatizo lilikuwa mikono yake. Alikaa mezani na nia mbaya kabisa, lakini mikono ile haikuwahi kufundishwa kufanya kazi mbovu. Ilikata mfupa ikaupiga msasa mpaka ukang'aa kama jino. Ikachora mifuo sita, kila mmoja kwa kipimo cha waya wake. Ikashusha nyuzi, ikapunguza ncha za vyuma zilizokuwa zinakwaruza kidole. Alipomaliza akapitisha gumba juu ya nyuzi, na lile gitaa la kiwanda, kwa mara ya kwanza tangu liumbwe, likalia kama gitaa. Plaiwudi au si plaiwudi, lilikuwa tamu.

Alilitazama kwa chuki. Nusu ya utamu ule ilikuwa yake, na wote ungehesabiwa kuwa wa Kilo Mbili. Basi akachukua tupa ndogo, akazilegeza zile nyuzi tatu nene, akaanza kuichimba mifuo yake chini zaidi ya inavyofaa, ili kila waya ukiachwa wazi, bila kidole kuubana, uguse chuma cha kwanza na uvume kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Rispa alitokea na beseni la nguo. Alisimama hapo akamwangalia.

"Baba Fidel, si ulisema hilo umemaliza?"

"Namalizia."

"Mtu anayemalizia haangalii mlangoni," Rispa akasema, akaenda zake kuanika nguo.

Jumatano Maxwell alikuja. Alikaa kwenye kigoda, akapiga, na nyuzi nene zikavuma. Akaacha kupiga. Akauliza mbona linavuma. Erastus akamwambia mfupa ni mpya, litatulia. Ulikuwa uongo, na alishangaa ulivyotoka kirahisi. Maxwell alipitisha ukucha taratibu juu ya mifuo, mmoja baada ya mwingine, akamtazama mwenzake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akashukuru na kuondoka na gitaa lake.

Jumapili Erastus aliwahi kanisani mapema kuliko mshika funguo. Hakuwa amefika kwa ajili ya ibada, tusimsingizie. Alifika kuona aibu ya Kilo Mbili. Alikaa benchi lake la tatu, na safari hii hakufumba macho.

Maxwell akaanza wimbo. Nyuzi nene zikavuma, kavu, zikakwaruza kwenye kipaza sauti, bati lote likaitikia. Watu wakainua vichwa. Erastus akaona mzee mmoja amekunja uso, akafurahi hadi akajionea haya. Kisha mama mmoja mzee sana akasimama mbele. Jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika. Kanisa zima lilimwita Nyar Alego, binti wa Alego, na kwa kawaida alisimama tu wakati wa baraka. Leo alisimama katikati ya wimbo, akainua mikono, mabega yake yakaanza kucheza peke yake, mabega ya msichana.

Baba yake Nyar Alego alikuwa mpiga nyatiti, kile kinanda cha nyuzi nane ambacho Wajaluo hukipiga wamekaa chini kwenye vigoda. Na nyatiti, kama hujaisikia, haina sauti safi. Nyuzi zake hupita juu ya kijidaraja cha matete na nta, na huvuma. Asiyejua hudhani ni mbovu. Ule mvumo ndio utamu wake. Erastus aliyajua haya tangu kuzaliwa kwake. Babu zake walizikwa kwa nyatiti. Lakini alikuwa amekaa miaka mingi akiusaka usafi wa sauti hata akasahau kwamba watu wa kwao hawakuutaka.

Vigelegele vikapasuka. Wazee wa makontena na wa viwanda, watu ambao kwaya haijawahi kuwatikisa, wakatoka kwenye mabenchi. Maxwell akaelewa haraka kuliko wote. Akaanza kuziacha zile nyuzi nene wazi kwa makusudi, akizidunda zivume chini ya wimbo kama mpiga nyatiti anavyodunda. Wimbo wa kawaida ukawa mrefu kupita mahubiri. Nyar Alego alilia, akasema mbele ya wote kwamba tangu baba yake afe hajawahi kuisikia sauti ile, na kwamba leo amefika nyumbani bila nauli.

Mchungaji Lenox, mtu wa kupenda kushika jambo likiwa bado moto, akatangaza hapo hapo. Desturi ya kanisa hilo ilikuwa kwamba chombo kipya cha muziki huwekwa wakfu kwa mafuta, na kile cha zamani huteremshwa shule ya Jumapili wakatumie watoto. Jumapili ya mwisho wa mwezi, akasema, gitaa hili jipya litapakwa mafuta. Lile jekundu la fundi wetu tutawapa watoto wetu. Watu wakapiga makofi. Erastus naye alipiga, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na ngoma mbili na kinanda kimoja, na vyote walivipiga kwa vijiti.

Wiki zilizofuata zilikuwa adhabu. Kila alipopita alisikia Kilo Mbili akisifiwa. Huyu Kilo Mbili anajua kutengeneza gitaa. Huyu Kilo Mbili lazima mama yake ni mtu wa Ziwa. Vijana wawili wa kwaya wakanunua magitaa kama lile, sahihi ya dhahabu na yote, wakayapiga, yakalia safi na nyembamba bila mvumo wowote. Erastus aliposikia hivyo alipata tumaini: sasa watauliza tofauti imetoka wapi. Waliuliza kweli, na jibu walilipata wenyewe. Walisema ni mkono wa Maxwell. Mungu amemtembelea Maxwell.

Hapo Erastus alishindwa kula. Wivu ulikuwa umemgeukia kwa namna ambayo hata Hashim asingeweza kuitania. Alimwonea wivu Kilo Mbili kwa kazi yake mwenyewe. Alimwonea wivu Maxwell kwa kosa lake mwenyewe. Ile sauti iliyowatoa wazee kwenye mabenchi ilitoka kwenye tupa yake, na hilo ndilo lilikuwa tendo baya pekee alilowahi kufanya mezani pale. Akisema ni yake, atakiri uovu. Asiposema, gitaa lake jekundu litapigwa vijiti.

Rispa, ambaye alijua kila kitu tangu siku ya beseni, alimwambia achague moja. "Sema au nyamaza," akasema, "lakini usiendelee kunisononekea kwenye chakula."

Alichagua kusema. Jumapili ya wakfu alivaa koti la harusi za watu, akatia ile tupa ndogo mfukoni. Magitaa yote mawili yalikuwa yamelazwa juu ya meza mbele ya madhabahu, kitambaa cheupe chini yake. Mchungaji Lenox alipouliza kama kuna mwenye neno kabla ya mafuta, Erastus akasimama.

Alisema ukweli, wote, bila kuupamba. Alisema gitaa la Kilo Mbili lilikuja likiwa safi kama yale ya wale vijana, na kwamba ni yeye aliyelichimba makusudi ili livume, kwa wivu, ili Maxwell aaibike na arudi kwenye gitaa lake. Alisema sauti mnayoisifu ni ya tupa hii. Akaiinua waione.

Kisha mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa taratibu, cha upole, cha watu wanaomwonea mtu huruma. Waliusikia wivu wake vizuri sana, kwa sababu alikuwa amewatajia mwenyewe, na ndio huo waliouona peke yake. Fundi ameona gitaa lake linaenda kwa watoto, sasa anataka kujitwalia la mwenzake. Mama mmoja alisema hivyo hivyo kwa sauti, si kwa ubaya.

Erastus alimtazama Maxwell. Maxwell alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nitawaonyesha," Erastus akasema.

Alikwenda mezani akalichukua gitaa lake jekundu, lile la mwaka mzima. Akalegeza nyuzi tatu nene, akazisogeza pembeni, na mbele ya watu wote akaingiza tupa kwenye mifuo aliyoichonga kwa mkono wake siku alipokuwa na furaha kuliko siku zote. Vumbi jeupe la mfupa likadondoka kwenye kitambaa. Rispa, kule alikokaa, akafunika macho. Erastus alifanya kazi haraka, kipimo kile kile, kina kile kile, akakaza nyuzi na kumkabidhi Maxwell.

Maxwell akapiga ule wimbo wa siku ile. Nyuzi zikavuma. Kweli zilivuma. Lakini ndani ya lile tumbo la msonobari na mkangazi mvumo ulizama, ukanenepa, ukarudi nje kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Maxwell alijaribu tena, mara hii karibu na daraja la nyuzi. Ikawa vile vile. Watu wote wakamgeukia Nyar Alego, maana hilo lilikuwa jambo lake.

Bibi kizee alisikiliza kwa haki kabisa, kichwa ameinamisha.

"Hapana," akasema. "Hili linanguruma. Lile linalia. La baba yangu lilikuwa kavu, na lile la Maxwell ni kavu. Hili lina tumbo kubwa mno." Kisha akamwonea huruma Erastus. "Lakini kiti ulichonitengenezea, mwanangu, mpaka leo hakijalegea."

Basi ikawa imethibitika. Fundi amefanya alichosema alifanya, tena mbele ya macho yetu, na sauti haikuja. Kwa hiyo si yeye aliyeileta. Mchungaji Lenox alimwita mbele, akamwekea mikono kichwani, akamwombea afunguliwe kutoka kwenye wivu. Kanisa lote likasema amina. Baada ya hapo akalipaka mafuta gitaa la Kilo Mbili, na mwalimu wa shule ya Jumapili akalibeba lile jekundu kwa mikono miwili, kwa heshima, akatoka nalo mlango wa pembeni.

Erastus alitoka mlango mwingine. Alikuwa amefika kwenye bomba la maji la uwanjani Maxwell alipomfikia, gitaa mgongoni. Wakasimama. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo ya mtu.

"Nilijua," Maxwell akasema. "Siku ile ile, nilipopitisha ukucha. Nilijua umelichimba, na nilijua kwa nini."

"Ulikaa kimya."

"Nilikaa kimya."

Maxwell hakuwa mtu wa maneno, lakini leo aliyasema.

"Miaka yote ile nimepiga gitaa lako," akasema. "Napiga mpaka shati linalowa. Halafu watu wanakuja, wananipita, wanakushika wewe mkono. Sauti ya fundi. Gitaa la fundi. Hata mke wangu alisema hivyo. Hili ndilo la kwanza wamesema ni mkono wa Maxwell." Akaivuta kamba ya gitaa begani. "Ningesema pale ndani kwamba ni wewe, wangekurudia."

Erastus hakuwahi kuliwaza hilo. Alikuwa amekaa benchi la tatu macho yamefumba, kila Jumapili, hajamwona mtu aliyesimama mbele yake anajifuta jasho. Alidhani wivu wa kanisa lile ulikuwa wake peke yake. Alitaka kusema pole, na alitaka pia kumpiga, na katika hayo mawili hakuweza kuchagua.

Maxwell alilivua gitaa mgongoni. Alilishika kwa aibu, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi nyumba aliyoikosea.

"Linaanza kupotea," akasema. "Ule mvumo. Waya unakula mfupa, kila wiki unabadilika. Nimewapelekea mafundi wawili mjini, wote wanataka kuuondoa, wanasema ni ubovu. Hakuna anayejua kuuweka isipokuwa wewe."

Jibu lililomjia Erastus kwanza lilikuwa hapana, na lilikuwa hapana tamu, ya haki, ambayo ingelinyamazisha gitaa la Kilo Mbili kabla ya mwaka kwisha na kumrudisha Nyar Alego kwenye benchi lake. Hakuna ambaye angemlaumu. Alilishika lile gitaa akaliinua hadi sikioni, akadunda nyuzi nene moja moja kwa gumba lake zito, lisilojua wimbo.

"Ni waya wa tano," akasema. "Lilete kesho."